Maneno Ambayo Rachida Hakuyasema

Kila Jumapili nyumbani kwa akina Rachida, katika mtaa wa Kasuku mjini Kindu, chakula hakikupakuliwa kabla ya Mjomba Okito kufika. Rachida, msichana wa miaka kumi na miwili, alitwanga sombe, majani ya muhogo, tangu asubuhi. Mama yake alikaanga samaki, na Bibi Naomie alikaa mlangoni akichagua mchele huku akiuliza kila mara, "Mwanangu hajafika tu?"

Okito alikuwa kitinda mimba wa Bibi na ndugu wa pekee wa mama yake Rachida. Alikuwa afisa wa upelelezi katika kituo kimoja cha polisi pale mjini. Yeye ndiye aliyemfundisha Rachida kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake barabarani na buti zake za kazi bila kujali watu waliomcheka. Baba yake Rachida alikaa miezi mingi Kampene, akifanya biashara na wachimba madini, kwa hiyo palipohitajika mwanamume wa kutoa shauri, Okito aliitwa.

Rachida alimpenda pia kwa sababu ya habari za Babu Édouard. Miaka ya vita, mji ulipokuwa mikononi mwa watu wenye silaha, Babu alishtakiwa kwamba anavuka mto Lualaba kwa mtumbwi kupeleka habari ng'ambo. Walimfunga mikono wakampiga mpaka akasema, "Ndiyo, ni mimi." Babu hakujua hata kupiga kasia. Walimchukua, na hakurudi tena. Okito alikuwa mtoto wakati huo, na alisikia sauti ya baba yake kupitia ukuta.

"Ndiyo maana nikawa polisi," alizoea kusema. "Ili mtu asipigwe tena mpaka akubali jambo ambalo hakulifanya."

Jumapili hiyo mji mzima ulikuwa na habari moja. Alhamisi wezi walikuwa wameiba betri za umeme wa jua katika kituo cha afya cha mtaani. Friji ilizimika, chanjo zikaharibika, na akina mama waliobeba watoto wachanga wakarudishwa nyumbani. Watu walikuwa na hasira. Mlinzi wa kituo cha afya, Jules, alisema alimwona kijana mwenye pikipiki akipita na gunia.

Baada ya kula, Mama alimsindikiza Bibi kwenda kumjulia hali jirani mgonjwa. Abdoul, kaka yake Rachida, alikwisha kutoka kutafuta abiria kwa pikipiki yake. Rachida alibaki uani akiosha vyombo. Mjomba Okito alichukua kitambaa, akachuchumaa karibu naye, akaanza kufuta sahani moja moja.

"Siku hizi Abdoul anachelewa kurudi, sivyo?" aliuliza.

"Siku nyingine, Mjomba. Abiria wakiwa wengi."

"Na Alhamisi je?"

Rachida alifikiri. "Alhamisi alirudi giza likiingia. Alikuwa na gunia."

"Zito?"

"Zito kweli. Alilishusha polepole, akaliweka nyuma ya jiko."

Mjomba alifuta sahani ile ile mara ya pili. "Lingeweza kuwa na betri?"

"Sijui, Mjomba. Sikuangalia."

"Sawa, mama," alisema kwa upole, akitabasamu. Alizoea kumwita hivyo tangu alipokuwa mdogo sana. Akamsaidia kubeba sahani mpaka ndani, kisha akaaga.

Asubuhi ya Jumatatu polisi watatu waliingia uani. Walimfunga Abdoul pingu mbele ya majirani, kifua wazi, hata mswaki ukiwa bado mdomoni.

"Amefanya nini mtoto wangu?" Mama alilia.

"Atajua huko huko," mmoja alijibu.

Mama alikimbia hadi kituoni, Rachida nyuma yake. Walipomwona Okito mlangoni, walishusha pumzi. "Ndugu yangu, Mungu asante uko hapa," Mama alisema.

"Rudini nyumbani, Dada," Okito alijibu. "Niachieni mimi."

Wakamwachia. Mama aliwaambia hata majirani wasiwe na wasiwasi, kwa kuwa ndugu yake mwenyewe yuko ndani.

Siku ya pili walipeleka chakula. Askari wa mlangoni alikataa kukipokea. Alisema hakuna ruhusa ya kumwona mtuhumiwa. Walikuwa wakigeuka kuondoka mlango wa kasho, chumba cha mahabusu, ulipofunguliwa, Abdoul akapitishwa uani. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Alitembea kama mzee. Alipomwona dada yake alisimama ghafla.

"Rachida! Kweli umesema uliona betri kwenye gunia langu?"

Rachida alimsogelea. "Mimi? Yaya, sikusema! Wallahi sikusema!"

"Walinisomea. Jina lako liko pale."

Askari walimsukuma ndani. Neno "yaya", ambalo watoto wa Kindu humwitia kaka mkubwa, lilibaki kinywani mwa Rachida. Abdoul hakuwa amemtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayemwona mgeni.

Mjomba Okito alitoka ofisini. Rachida alimkimbilia. "Mjomba, nilikuambia sikuangalia! Umeandika nini?"

"Mtoto asiingilie mambo ya kazi," alisema bila kumtazama. Akamgeukia Mama, akapunguza sauti. "Dada, nisikilize. Mkubwa wangu anataka jibu wiki hii. Mji mzima unapiga kelele. Abdoul akikiri mapema, nitaomba apunguziwe adhabu. Ninamsaidia."

"Unamsaidia kwa ngumi?"

"Mimi sikumgusa."

"Lakini ulikuwepo?"

Okito alitazama buti zake. Mama alimshika Rachida mkono wakaondoka. Rachida alilia njia nzima. Alikumbuka kile kitambaa na ile sauti ya upole. Kumbe alikuwa akihojiwa, naye alidhani anasaidiwa kuosha vyombo.

Walipofika, Rachida hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Gunia lilikuwa pale pale, limefunikwa plastiki. Alifungua kamba. Ndani mlikuwa na injini ya pikipiki iliyojaa mafuta machafu, ile ya Alain, rafiki yake Abdoul, aliyeomba atengenezewe. Tangu Abdoul akamatwe, hakuna askari aliyekuja kulitazama gunia lile.

Aliwaita Mama na Bibi, akawaonyesha. Kisha akawasimulia yote: sahani, maswali, na alivyojibu. Alitegemea kugombezwa. Bibi Naomie alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa imelala magotini.

"Okito," alisema hatimaye. "Okito wangu, aliyejiziba masikio baba yake alipokuwa akilia." Aliinuka, akajifunga kitenge chake cha kutokea. "Twendeni kwa wakili."

Wakili Josiane alikuwa na ofisi ya chumba kimoja karibu na soko. Wanawake wa mtaani walimjua kwa sababu alizoea kuzungumza redioni juu ya sheria. Aliwasikiliza, kisha akamwinamia Rachida.

"Mjomba wako alikuambia kwa nini anakuuliza?"

"Hapana, Maître," Rachida alijibu, akitumia jina la heshima la mawakili.

"Mama yako au mtu mzima mwingine alikuwepo?"

"Hapana."

"Alikuambia kwamba maneno yako yataandikwa?"

"Hapana, Maître. Alikuwa anafuta sahani."

Wakili alitikisa kichwa. Akawaeleza taratibu, akihakikisha Bibi anaelewa. Mtu akikamatwa, alisema, lazima aambiwe papo hapo sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuonana na jamaa zake na wakili wake. Polisi hawaruhusiwi kumweka zaidi ya saa arobaini na nane; baada ya hapo aachiliwe au apelekwe parke, kwa mwendesha mashtaka. Tena hakuna anayeruhusiwa kumpiga au kumtesa ili aseme. Hayo yote yameandikwa katika Katiba ya nchi.

"Hata wakati wa vita?" Bibi aliuliza.

"Kumtesa mtu ni marufuku hata wakati wa vita, Mama."

Bibi aliinamisha kichwa. Rachida aliona machozi yakianguka juu ya kitenge, na akajua si ya Abdoul peke yake.

Wakili Josiane alikwenda kituoni siku hiyo hiyo, akazuiwa. Alirudi asubuhi, akazuiwa tena. Muda wa kisheria ulipopita na Abdoul bado yuko kasho, aliandika malalamiko akayapeleka parke mwenyewe. Mwendesha mashtaka, Bwana Mwamba, aliamuru kijana aletwe mbele yake bila kuchelewa, na afisa aliyemhoji aje pia.

Kwa hiyo Rachida alijikuta ofisini kwa Bwana Mwamba pamoja na watu wazima, Mama upande mmoja na wakili upande mwingine. Abdoul aliketi kwenye benchi, mikono juu ya mapaja. Mjomba Okito alisimama karibu na dirisha, shati lake limepigwa pasi vizuri kama siku ya Jumapili.

Bwana Mwamba alisoma karatasi kwa sauti: "Dada yake mtuhumiwa anathibitisha kwamba aliona betri ndani ya gunia." Akainua macho. "Rachida, ulisema hivi?"

Rachida alimtazama mjomba wake. Okito alimwashiria "ndiyo" kwa kichwa, kidogo sana, kama alivyofanya zamani alipotaka akaze usukani wa baiskeli asiogope.

"Sikusema hivyo, Bwana," Rachida alisema. "Nilisema gunia ni zito. Aliniuliza kama lina betri, nikamjibu sijui, sikuangalia. Sasa nimeangalia. Ni injini ya pikipiki. Iko nyuma ya jiko letu mpaka leo, na hakuna aliyekuja kuitazama."

"Mtoto amechanganyikiwa," Okito alisema. "Wamemfundisha nyumbani."

Rachida alihisi kama amepigwa kofi. Mtu huyu aliyemfundisha asiseme uongo alikuwa akimwita mwongo mbele ya watu. "Mjomba," alisema, "mimi na wewe tulikuwa wawili tu pale uani. Unajua."

Bwana Mwamba alimwomba Abdoul ainue shati. Hakuhitaji kutazama kwa muda mrefu. Alimwuliza kwa nini alitia sahihi kwamba ameiba.

"Waliniambia nikisaini watanipa maji, Bwana."

Mwendesha mashtaka aliiweka ile karatasi kando. Alisema maneno yaliyotolewa kwa kipigo si ushahidi, na mtoto hahojiwi kwa kuviziwa. Alituma watu kulitazama gunia, wakaikuta injini, na jioni Abdoul akarudi nyumbani akiegemea bega la Mama. Okito aliondolewa katika kazi ya kuhoji watu, na uchunguzi juu yake na wenzake ukaanza.

Afisa mwingine alipewa kesi. Yeye alianza kwa kuuliza nani alikuwa na funguo. Haikuchukua muda betri zikapatikana Alunguli, ng'ambo ya mto, katika kibanda cha kuchajia simu cha shemeji yake Jules. Mlinzi aliyedai kumwona kijana mwenye pikipiki ndiye aliyekuwa mwizi, na wakati Abdoul akipigwa yeye alikuwa akilala nyumbani kwake.

Mjomba Okito alikuja siku moja bila sare. Alisimama uani akasema anaomba radhi. Bibi hakumkaribisha kiti. "Waombe waliokosewa," alimwambia. Okito alimgeukia Abdoul, kisha Rachida.

"Nimekusikia, Mjomba," Abdoul alisema, akaingia ndani. Rachida alitaka kusema kitu kama hicho, lakini hakuweza. Okito alingoja kidogo, akaondoka kwa miguu. Bibi alimtazama mpaka akapotea kwenye kona, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyezika mara ya pili.

Wiki ile ile mwanamke alibisha hodi, mtoto mgongoni. Alikuwa mke wa Jules. Alisema amekwenda kituoni mara mbili kumpelekea mumewe chakula, akafukuzwa. Usiku alisikia kwamba wanampiga.

"Amepata alichostahili!" Rachida alifoka. "Yeye alinyamaza Yaya alipopigwa!"

Mwanamke aliinamisha kichwa, akageuka kuondoka.

"Ngoja, mama," Bibi Naomie alisema. Alimvuta Rachida karibu. "Mjukuu wangu, Jules ameiba, naye atahukumiwa. Hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini ile sheria iliyomtoa kaka yako haikuandikwa kwa ajili ya watu wasio na hatia peke yao. Siku anapokamatwa mtu, nani anajua bado kama ana hatia au hana? Tukikubali mwizi apigwe, tumekubali apigwe yeyote atakayeitwa mwizi. Babu yako walimwita msaliti. Abdoul walimwita mwizi. Mjomba wako alilijua hilo kuliko sisi sote, na siku mkubwa wake alipomharakisha, akalisahau. Wewe usilisahau, hata ukiwa na hasira."

Hasira ya Rachida haikuwa imekwisha. Abdoul, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alitoka polepole, mgongo bado ukimuuma. Aliivuta pikipiki yake hadi barabarani, akaiwasha.

"Panda, mama," alimwambia mke wa Jules. "Wakili Josiane yuko ofisini mpaka saa kumi. Nitakupeleka."