Kipa Aliyeona Sindano Mbili

Kila asubuhi kabla ya shule, Kipa humtungia mama yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Mama ni fundi nguo na macho yake yamechoka. Kipa, binti wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa kudaka mpira golini, hutunga mara moja tu.

Leo alijaribu mara tano, akakosa zote.

"We mtoto, umelala?"

"Naona sindano mbili, mama."

Mama akaweka kitambaa chini. "Tangu lini?"

Kipa akamtazama baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa akifunga viatu vya kazi. Jana kwenye mechi, mshambuliaji wa timu pinzani alimgonga kichwani kwa goti, akaanguka. Kocha alikuwa ameshaingia uwanjani, lakini baba akapaza sauti: "Inuka! Mwanangu si yai!" Watu wakacheka. Kipa akainuka, akasema yuko sawa, akadaka dakika ishirini huku milingoti ya goli ikiyumba machoni pake. Njiani baba alimsifu kwa kila jirani: "Huyu halii!" Baba kama huyo utamwambiaje kwamba kichwa kinauma?

"Tangu jana," akanong'ona.

"Si kitu," baba akasema. "Jumamosi ni fainali. Mimi nimegongwa mara ngapi?"

"Ndiyo maana juzi ulitafuta funguo ukiwa umezishika!" mama akamjibu. "Twendeni zahanati."

Daktari alimwambia Kipa atembee juu ya mstari. Akapepesuka.

"Ubongo umetikisika," daktari akasema. "Hachezi mpaka nimruhusu. Angegongwa tena jana, angeweza kufa. Binti, kwa nini hukumwambia kocha?"

Machozi yakamtoka Kipa. "Baba angeniita yai."

Baba akachutama mbele yake. "Kazini, kijana akiingiwa na cheche jichoni akanificha, namfokea mbele ya wote," akasema. "Nyumbani nimemfundisha mwanangu kuficha."

Jumamosi timu ilifungwa matatu bila. Kipa alikaa kwenye benchi, amekunja ngumi kwa hasira.

"Mngemwacha adake!" mzazi mmoja akafoka. "Watoto wa siku hizi mnawadekeza!"

Baba akasimama. "Kombe litarudi mwakani. Kichwa cha mwanangu nitakinunua duka gani?"

Kisha akawageukia wachezaji. "Ukigongwa kichwa, sema papo hapo. Mzazi akikwambia unyamaze, sema kwa sauti zaidi, hata kama mzazi huyo ni mimi."