Babu Ambaye Hakuzaliwa

Ndevu zenyewe hazikuwa nyingi. Zilikuwa vinyweleo vyeupe kidevuni, kama vya mzee aliyekosa kunyolewa siku mbili tatu, na Melitine, mjakazi aliyekuwa akifuta vumbi makabati ya sebuleni kila asubuhi, asingeshtuka kama angeziona kwenye kidevu cha mtu. Lakini huu ulikuwa uso wa nta. Akamwita bibi yake.

Sekstilia, mke wa bwana wa nyumba, akaja, akagusa, akanusa vidole.

"Siyo ukungu huu?"

"Ukungu haukwaruzi, bibi," Melitine akasema kwa sauti ya chini.

Wafuasi wa mumewe walikuwa wameshaanza kujaa sebuleni kwa salamu za alfajiri, kwa hiyo Sekstilia akafunga kabati, akaweka tabasamu usoni, akaenda kuwapokea.

Mjini Roma ukoo hupimwa kwa makabati hayo. Mtu aliyeshika cheo kikubwa akifa hutengenezewa uso wa nta, na kila mazishi ya ukoo wake waigizaji huuvaa, pamoja na joho la cheo chake, wakamsindikiza maiti mpaka uwanjani na kuketi kwenye viti vya pembe za ndovu mbele ya umma. Koo kongwe zina nyuso ukuta mzima. Akina Tarronio walikuwa nazo mbili tu: msimamizi wa masoko mmoja, na hakimu mmoja ambaye hata majirani walikuwa wamemsahau.

Na Mamerko Tarronio, bwana wa nyumba, alitaka ukonsuli, cheo cha juu kabisa mjini. Alitaka kutembea mjini akitanguliwa na watu wenye fimbo na shoka, alitaka wale waliomwita "mtu mpya", yaani asiye na babu konsuli, tusi baya kuliko yote katika sebule zile, wasimame anapopita. Baba yake alipofariki, akaona nafasi. Akamwita fundi wa nta na kumwagiza nyuso mbili: uso wa marehemu, na wa Kaeso Tarronio, konsuli wa enzi za kale.

Hakukuwa na Kaeso. Mamerko alimtunga akiwa anaoga.

"Nichukue uso wa nani?" fundi aliuliza.

"Wa mtu yeyote asiyejulikana. Hiyo kazi yako, mimi unaniuliza nini?"

Fundi akatengeneza uso usio na mwenyewe: pua ndefu, midomo myembamba, macho yaliyofumbwa nusu. Siku ya mazishi Mamerko akapanda jukwaani akamsifu huyo Kaeso, cheo chake, vita vyake, wanawe aliowaacha, na watu wakapiga makofi. Mwigizaji aliyeuvaa uso ule aliuvua upesi. "Nilikuwa napumua mimi," alimwambia Melitine, "na mwingine anapumua humo humo ndani." Nyumba nzima ikamcheka. Waungwana hawana kawaida ya kumsikiliza mwigizaji.

Baada ya ndevu ikaja harufu, ya nta moto iliyochanganyika na udongo wa kaburi, na haikutoka hata milango yote ilipofunguliwa. Kisha kikohozi. Wafuasi wakiwa wamekaa wanangoja, mtu alisafisha koo upande wa makabati, taratibu, kama mkubwa anayetaka aangaliwe, na wote wakasimama wakidhani bwana ameingia. Hapakuwa na mtu.

Vibidia, mama yake Mamerko, ndiye aliyekwenda kuangalia uso wa marehemu mumewe. Pua ilikuwa imezama. Mashavu yalikuwa yamelainika kama sabuni iliyotumika, na midomo iliyomsuta na kumbusu miaka yote ile ilikuwa imebaki mstari tu. Uso wa Kaeso, katika kabati la tatu pembeni, ulikuwa umenawiri.

"Anamla," Vibidia akasema. "Mume wangu alikufa mara moja, Mamerko. Wewe umemleta mtu wa kumuua tena."

"Ni joto, mama. Nta inayeyuka."

"Na huyo mwingine mbona hayeyuki?"

Mamerko akatoka kwenda kuomba kura.

Kilichomvunja Sekstilia ni mtoto. Numerio alikuwa na miaka mitano, mtoto wao wa pekee, mwenye pua ya kibonyeo na mashavu ya kufinywa, na siku moja mchana mama yake akimwosha uso akahisi chini ya kiganja chake mfupa usio wa mtoto, akamgeuza kwenye mwanga, akaona pua imerefuka na midomo imekonda na kope zimeshuka nusu, na alipomuuliza kwa nini anafumba macho namna hiyo mtoto akamjibu bila hofu yoyote kwamba babu Kaeso amemwambia wanaume wa ukoo wao hutazama hivyo.

Wakamtafuta mganga, mwanamke wa kabila la Wamarsi kutoka milimani, mmoja wa wale wanaotembea na nyoka shingoni kama shanga. Hakuomba hata maji. Alisimama mbele ya kabati la tatu, na nyoka wake akajificha ndani ya nguo.

"Nani kampa jina huyu?"

"Mimi," Mamerko akasema.

"Na cheo? Na watoto?"

"Mimi. Yalikuwa maneno tu, bibi."

"Maneno mbele ya umma." Mganga akamtazama kwa chuki iliyo wazi. "Jini hana jina, hana cheo, hana kizazi. Hivyo vitatu anavililia tangu dunia iumbwe, na wewe ukampa bure ili upate kura. Sasa yeye ni babu, na babu lazima wajukuu wafanane naye."

"Tumchome basi," Sekstilia akanong'ona.

"Mtachoma. Lakini kwanza huyu apande pale pale aliposema uongo aukane, na watu waukatae. Watu wakishamkataa, choma. Mkichoma wakiwa bado wanamkubali, atakosa uso wa nta, atachukua uso mwingine wa ukoo. Mnajua upi."

Uchaguzi ulikuwa karibu. Mamerko akaomba wangoje mpaka upite, tena aliomba kwa adabu, kama mtu anayeahirisha karamu.

"Baba Numerio," mkewe akasema, "umtazame mwanao halafu uniambie tena hayo maneno."

Hakumtazama. Akalala na tamaa yake, na alfajiri ilipofika akakuta wafuasi wamesimama katikati ya sebule, na mbele yao Numerio, akiwa na nguo ya kulalia, anawanyooshea mkono mmoja baada ya mwingine na kuwaulizia babu zao kwa majina, babu waliokufa zamani, na wazee wazima wanamjibu. Hapo Mamerko alilia. Namchukia mtu huyu, lakini nasema kweli, alilia mbele ya wafuasi wake, akaliomba joho lake jeupe la mgombea na kumwambia mkewe: "Washa moto. Ukisikia umati umepiga kelele, ujue wamenizomea. Choma."

Uwanjani palikuwa pamejaa. Akapanda jukwaani bila kumsalimia mtu.

"Kaeso Tarronio hakuwahi kuwapo," akasema. "Nilimtunga mimi. Hatujawahi kuwa na konsuli. Naombeni mmkatae."

Kisha Fusko Aterio, mkuu wa ukoo ambao nyuso zake hazihesabiki, akacheka, akapanda na kumshika bega.

"Mamerko, ndugu yangu, unyenyekevu nao una mipaka. Bibi yake bibi yangu alikuwa binti wa Kaeso. Tumeshamchora ukutani kwetu. Sasa unataka kunifanya mwanaharamu mbele za watu?"

"Fusko, ulimsikia kwa mara ya kwanza kwenye mazishi. Kutoka kwangu."

"Na sisi je?" mwingine akadakia kutoka kwenye viti vya wakubwa. "Mama yangu anatoka kwa Kaeso."

"Na mke wangu!"

Kwa maana koo zote zile zilikuwa zimefanya lile lile, konsuli wa kale asiye na wajukuu wa kubishana naye ni mali ambayo hakuna muungwana angeiacha ipite, kila mmoja alikuwa amekwenda nyumbani baada ya mazishi akamchomeka Kaeso mahali palipokuwa na pengo katika ukoo wake, na sasa wanasimama safu baada ya safu, wenye majoho yenye ukingo wa zambarau, wanamdai babu yao, na umma ulioona wakubwa wamesimama nao ukasimama, ukaliitikia jina lile kwa nguvu hata njiwa wakaruka kutoka mapaa yote kwa pamoja, na sauti ya Mamerko anayesema hapana, hapana, jamani hapana, haikumfikia hata mtu aliyekuwa kando yake.

Kelele zile zilifika nyumbani. "Wamemzomea," Sekstilia akasema, akashukuru, akautupa uso wa nta motoni.

Haukuyeyuka mara moja. Kope zilizofumbwa nusu zilifunguka zote, na macho yale hayakumtazama yeye aliyeutupa wala Melitine aliyekuwa akipiga yowe mlangoni, bali yalipita juu ya bega lake mpaka kwenye mapaja ya Vibidia, pale Numerio alipokuwa amelazwa, yakatulia hapo, na nta ikaporomoka.

Walimrudisha Mamerko amebebwa mabegani, konsuli mteule kwa shangwe za pale pale uwanjani, joho limechanika kwa kung'ang'ania kushuka. Wakamtua mlangoni. Vibidia alikuwa amekaa sakafuni, mapaja yake yako tupu. Katikati ya sebule alisimama mtoto wa miaka mitano, mikono nyuma, akiwatazama wanaoingia mmoja mmoja kwa kuwapima.

"Umesema vizuri leo, mjukuu wangu," akamwambia Mamerko kwa sauti ya mzee. "Njoo unisalimie."

"Mwanangu yuko wapi?" Sekstilia akauliza. Alimwuliza mumewe, kisha Fusko, kisha kila aliyeingia, kwa upole, kama mtu anayeulizia njia. Hakuna aliyemsikiliza. Wakubwa wa Roma walikuwa wameshapanga foleni, wanangoja zamu ya kumbusu babu yao mkono.