Vidole Viwili vya Mkanda wa Pua

Umbu Ndilu alikuwa na farasi jike aitwaye Wulangu. Kila asubuhi alimpanda kwenda kuchunga nyati. Mwezi ule Wulangu alikuwa na kazi kubwa zaidi: angeongoza farasi wa mahari kwenda kwa wakwe wa Hunga, mwanawe. Kwetu kisiwani Sumba, wakwe wakimkataa farasi wa mbele, wa nyuma hawatazamwi hata kidogo.

Lakini Wulangu alianza visa. Akipandwa, anafungua mdomo na kurusha kichwa.

"Kaza mkanda wa pua," Umbu Ndilu alisema.

Hunga akakaza ule mkanda wa hatamu unaozunguka pua na taya. Wulangu akazidi kurusha kichwa. Hunga akakaza tena. Siku ya tatu farasi akagoma kutembea.

"Jamani, mimi sielewi," Umbu Ndilu alisema. "Tukikaza, anakasirika. Tukilegeza, anafungua mdomo. Anataka nini huyu?"

"Labda hataki nioe," Hunga akasema. Hakucheka.

Umbu Ndilu akampigia simu Mama Yublina, mtaalamu wa mifugo. Simu ilikuwa inakatakata. Alisikia vizuri maneno mawili tu: "Vidole viwili!" Kisha kimya.

Hapo nyumba ikavurugika.

"Vidole viwili juu ya tundu la pua," baba alisema. "Mkanda ushuke mpaka hapo."

"Hapana baba, ukazwe vidole viwili zaidi!" Hunga akapinga.

"Nyie wote hamjui," alisema bibi yake Hunga, Rambu Kahi. "Mtieni vidole viwili kooni atapike. Ana nyongo huyo."

Hata mimi ningechanganyikiwa. Wakafuata neno la baba, kwa kuwa ndiye mwenye sauti kubwa. Mkanda ukashushwa mpaka pale pua inapokuwa laini. Wulangu akaanza kukoroma kwa kukosa pumzi. Hunga alitoka nje, akakaa peke yake. Aliogopa harusi yake imekwisha.

Kesho yake Mama Yublina alifika na pikipiki. Rambu Kahi akamletea kikapu cha tambuu, kama ilivyo heshima. Mgeni hakukigusa.

"Samahani bibi, nitatafuna baadaye. Kwanza mfungueni huyu mnyama."

Akafungua mdomo wa Wulangu. Ndani ya shavu kulikuwa na kidonda.

"Tazameni. Mkanda ukibana, shavu linasukumwa kwenye meno. Meno yanachubua. Alikuwa anawaambia kwamba anaumia, nanyi mkamfunga mdomo."

"Lakini wewe ulisema vidole viwili!" Umbu Ndilu alilalamika.

"Nilisema vidole viwili *vipite*!"

Umbu Ndilu akakuna kichwa. Bado hakuelewa. Mama Yublina akaomba kitambaa. Akamtia Umbu Ndilu tambuu mdomoni, kisha akamfunga taya kwa kitambaa, akakaza.

"Haya, tafuna."

Mzee akajaribu. Mate mekundu yakamchuruzika kidevuni. Rambu Kahi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mmh! Mmh!" mzee aliguna.

"Unasemaje? Ah, mkaidi huyu. Nikaze tena?"

Alipofunguliwa, Umbu Ndilu alifuta kidevu. Aliona haya. Akaenda kumpapasa Wulangu shingoni.

Mama Yublina akamwonyesha Hunga. Mkanda hukaa juu, karibu na mfupa wa shavu, chini yake kidogo. Vidole viwili vya mtu mzima, vimelala pamoja, vipite kati ya mkanda na mfupa wa pua.

"Nikipima pembeni?" Hunga aliuliza.

"Pembeni pana nafasi daima. Utajidanganya. Pima juu, penye mfupa. Na farasi akifungua mdomo, usikaze. Tazama ndani kwanza."

Wulangu alipumzishwa siku kumi. Kidonda kikapona. Akaanza kupandwa, kichwa kimetulia.

Siku ya mahari ikafika. Wulangu alisimama mbele ya nyumba ya wakwe. Mjomba wa bibi harusi alimzunguka mara mbili. Kikapu cha tambuu kilikuwa mbele yake, naye hajakigusa; akitafuna, mahari imekubaliwa. Hunga alikuwa anatokwa jasho.

"Mbona mkanda umelegea?" mjomba aliuliza. "Na farasi wenu anachezesha taya. Anatafuna nini?"

Hunga akamtazama baba yake. Umbu Ndilu akapitisha vidole viwili chini ya mkanda, juu ya mfupa wa pua.

"Anatafuna tambuu, mkwe," alisema. "Kwetu hatumfungi mdomo anayekuja kwa heshima."

Mjomba alicheka. Akanyoosha mkono, akachukua tambuu kikapuni, akaanza kutafuna.