Namba 14 ya Mado

Niko na miaka makumi mbili na mbili. Mutanicheka, na muko na haki: nilishindana na ordinateur, ile mashini ya kompyuta, nikashinda... na ile kushinda njo iliniharibia maisha.

Ninatumika ku depo ya mizigo, ku libongo kwenye baleinière, zile mashua kubwa za mbao, zinaegesha, hapa Kisangani. Masomo yangu iliishia primaire, lakini kinywa yangu ilifika université. Tonton, mwenye depo, alinifundisha liste mbili za ndani ya mashini: moja ya batu, moja ya mizigo. Kila muzigo inabeba namba ya mwenyewe. Kama mutu angali na muzigo ku depo, mashini inakataa kufuta jina yake.

Mado, binti mwenye nilipenda, alikuwa namba 14. Alituachia begi ya nguo ya mama yake, mwenye alikufa Ubundu. Kwabo nguo ya marehemu haiingie nyumba mbele ya siku ya kutosha matanga, kumaliza kilio. Siku ile njo familia inazigawanya.

Bon, nikamuomba ndoa... Alicheka mbele ya baporteur bote, babebaji wa mizigo: « Weye? Uoe kwanza kinywa yako. »

Nikakasirika kama mutoto. Nikasema nimufute, ata mu mashini tu. Mashini ikakataa: huyu iko na muzigo. Nani aliiuliza? Nilikuwa nimeona fundi akifungua ile sheria: ni ka-case kamoja, kisanduku kadogo, na alama ndani. Nikatosha alama, ka-case kakabakia butupu. Nikafuta Mado. Namba 14 ikabakia bure, nikaipatia papa moja, muzee wa kuuzisha chumvi, mwenye alikuwa anashuka njia ya Basoko.

Asubuhi baporteur bakauliza mizigo ya 14. Mashini ikasema tatu. Magunia mbili ya chumvi... na begi moja. Bakapakia. Mi nilikuwa napiga muluzi.

Siku ya posho, njo Jumamosi, Mado akakuja na baba yake. Kutosha matanga ilikuwa kesho yake. Nikatafuta begi: mashini inaonyesha papa wa chumvi. Nikapiga simu yake, haipite. Ningefanya nini? Kuogelea mpaka Basoko?

Matanga ilitoshwa bila kilamba, bila nguo ata moja ya mama. Kisha baleinière ikarudi. Batu ya ndani bakasema yule papa alishuka njiani na mizigo yote, ku kijiji yenye habakushika jina.

Bandeko, kama kitu inakukatalia, uulize kwanza inalinda nani. Musifanye kama mimi.

Nilienda kuomba pardon. Mado hakulia. Alisema: « Mashini haina mama, lakini ilikukatalia. Weye uko na mama. »