Ukingo wa Turubai la Darmi

Dhoruba ya joto ilipoanza kupanda jangwani Chalbi, ramani katika ukumbi wa uokoaji iliwaka yenyewe. Kila turubai la waliokwenda huko lilikuwa na nukta yake kando ya jina la mwenyewe, na ukiifungua nukta ramani hukuonyesha ilipo, kwa kuwa kiwanda kilishona ndani yake uzi-hisi, uzi mwembamba unaopima joto na kutuma habari hewani. Nukta ya kijani ilimaanisha wenyewe wako salama. Uzi ukikatika au ukizidiwa na joto, nukta hugeuka nyekundu, na ndegeroboti huruka bila kungoja amri ya mtu.

Guyo Halake, mhandisi wa ramani hiyo, alitafuta jina moja kabla ya mengine yote. Dada yake mkubwa, Darmi, alikuwa jangwani akipima visima na wenzake.

Nukta yake ilikuwa ya kijani. Guyo alishusha pumzi.

Wiki moja kabla, Darmi alikuja kwake na turubai jipya begani, amekasirika.

"Haya ya kiwanda yanapiga kelele usiku kucha," alisema. "Upepo ukizidi yanachanika. Si wewe mhandisi? Nifanyie kitu."

"Kingo zimenyooka mno, dada."

Ukingo ulionyooka hulegea katikati, na upepo huupiga hapohapo mpaka uchanike. Guyo alilitundika turubai ukutani kwa misumari miwili, kisha akaning'iniza mnyororo mwembamba kutoka msumari hadi msumari. Mnyororo ulibonyea kwa uzito wake, ukachora tao, naye akalifuata kwa chaki. Kitambaa kilichokatwa hivyo, alieleza, ukikaza kamba zake hukazika chote, kisibaki mahali pa kupigwa na upepo.

"Unanipunguzia kivuli," Darmi alinung'unika alipouona mkasi.

"Nakipunguza kidogo ili kilichobaki kisichanike."

Kipande kilichokatwa Darmi alikifunga mwenyewe juu ya dirisha la jikoni. "Hiki kikukinge wewe na jua," alisema akicheka.

Dhoruba ilikaa siku tatu. Nukta ziligeuka nyekundu moja baada ya nyingine, ndegeroboti zikawa zinakwenda na kurudi na watu waliobabuka midomo.

"Dada yako je?" aliuliza Kerubo, mwenzake wa zamu.

"Kijani tangu mwanzo. Lile turubai nililikata mimi." Alijisifu, tuseme ukweli.

Siku ya tatu aliletwa Mzee Jarso, mkuu wa wapima visima. Alikataa kulala kitandani kabla hajaonana na Guyo.

"Kila mtu alikuwa kwenye kisima chake, mbali na mwenzake," alisema kwa shida. "Yetu yalichanika yote, ndege zikatufuata. La Darmi lilisimama imara. Nililiona tulipopita juu yake. Nikaiambia ndege ishuke, ikanijibu pale hapana mtu."

Pale ukumbini hakuna anayefungua nukta ya kijani. Nyekundu zinatosha kumaliza siku. Guyo aliifungua. Ramani ikamwonyesha mtaa wake, paa lake, dirisha lake la jikoni.

Zamani uzi-hisi ulipita katikati ya turubai. Mwaka huu kiwanda kiliuhamishia kwenye ukingo mmoja mrefu ili kurahisisha ushonaji, na hakuna aliyeona haja ya kuwaambia watu wa ramani. Guyo alikuwa ameukata ukingo huo mzimamzima, uzi ukiwa ndani yake.

Aliituma ndegeroboti kwa mkono wake. Picha zilipofika, turubai lilikuwa limesimama, limekazika, halina hata mkunjo. Darmi alikuwa chini yake, kando ya dumu lisilo na maji, amekufa. Kerubo alizima skrini.

Nyumbani jikoni palikuwa na ubaridi. Kipande kilikuwa bado juu ya dirisha, mahali alipokifunga Darmi. Guyo alilia mpaka akaishiwa nguvu. Kisha alichukua mkasi uleule, akaupapasa uzi ndani ya pindo, akaukata.

Hakuwa hata ameuweka mkasi mezani aliposikia mvumo nje. Ndegeroboti ilitua uani, ikafungua mlango wake. Ndani mlikuwa na machela na maji baridi.

"Darmi Halake," iliita kwa sauti ya upole, "usiogope. Tumefika."