Kosa ni Langu, Baba

Tangu reli ya Mjerumani ifike Dodoma, siku ya gari moshi watu walifurika stesheni: Wagogo na mbuzi wao, Wanyamwezi wa kazi za reli, askari wa kofia nyekundu. Katika vurugu hiyo Rehani, fundi mwashi, akabwaga mfuko wa chokaa bila kutazama nyuma. Mfuko ukapasuka, na Waridi binti Abdulkadiri akawa mweupe kuanzia ukaya wa kichwani hadi makubadhi ya miguuni.

"Fundi, unapaka nyumba au unapaka watu?"

"Nyumba napaka kwa ujira, bibie. Wewe nimekupaka bure."

"Na ulimi huo umeshuka na gari moshi?"

"Huu ni wa Kolo. Nimeunyonya kwa mama."

Waridi akazikung'uta leso zake nyekundu, akanuna, kisha akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichowaponza wote wawili.

Baba yake, mfanyabiashara wa chumvi, alikuwa akitafuta fundi wa kumjengea ghala, kwa kuwa boma, ofisi ya Mjerumani, lilimpa mchele wa serikali autunze. Kazi akapewa Rehani. Akainua kuta za mawe, akaezeka kwa udongo kama tembe la Wagogo, na katikati akasimamisha nguzo moja nene ya mti ya kubeba paa. Kila asubuhi Waridi alileta kahawa, akakawia.

"Ukimaliza utarudi zako Kolo?"

"Nikimaliza nitaleta mshenga."

"Baba atakuuliza una nini."

"Nitamwonyesha ghala lake. Na binti yake keshaniona."

"Kukuona nimekuona, mpenzi wangu. Tatizo macho hayashibi."

Siku ya kuingiza mchele, Abdulkadiri alisimama mlangoni na kilemba chake, akaiona ile nguzo inawazuia punda.

"Ikatwe," akasema.

"Mzee, hiyo ndiyo imebeba paa. Udongo ukilowa, litaanguka."

"Ghala la nani?"

"Lako, mzee."

"Basi."

Waridi alikuwa hapo na birika mkononi. Wengine wote walikuwa nje na punda. Alimsikia mmoja akikataza na mwingine akiamuru. Rehani alipoondoka kwa hasira, mzee akatafuta mpita njia mwenye shoka, nguzo ikakatwa.

Mvua ya kwanza ya masika haikumwonea haya mtu. Paa likashuka lote, mchele wa serikali ukawa uji wa matope. Boma likataka mtu wa kula viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, na kufungwa mnyororo. Fundi na mwenye ghala wakaitwa barazani; habari za nguzo hakuna aliyeziuliza.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo palipo ujinga wao, na si wao peke yao. Kwa watu wale, mkwe mtarajiwa habishani na baba mtu hadharani. Husema, "Kosa ni langu, baba," na mzee humtua mzigo huo palepale kwa kujibu, "La, mwanangu, ni letu sote." Kila mtu hujua hayo ni maneno ya adabu tu.

"Kesho usishindane naye, Rehani," Waridi alimwambia kwenye mlango wa uani. "Jishushe. Akishakutua, ndiyo amekukubali."

"Na asiponitua?"

"Ni baba yangu."

Kesho yake, kwenye baraza la boma, Rehani akapiga goti, akasema, "Kosa ni langu, baba." Abdulkadiri akahesabu tasbihi. Watu wakangoja. Mzee mzima na ndevu zake, akanyamaza kimya. Yahaya, karani wa boma, akamtafsiria Bwana Shauri, hakimu wa Kijerumani, naye akaandika kwamba fundi amekiri. Hukumu ikawekwa baraza lijalo.

"Ulinifundisha maneno ya kujifunga," Rehani alimwambia Waridi jioni ile.

"Sikujua, wallahi."

"Hukumjua baba yako?"

Akamwacha analia, akaenda kwa karani. "Nataka kuyarudisha maneno yangu."

"Maneno ya barazani si shati ulivue unapotaka," Yahaya akamjibu. "Bwana Shauri atayafuta endapo atatokea mtu aliyekusikia ukimkataza mzee. Na asiwe mtu wako."

Rehani akacheka kwa uchungu. Aliyesikia alikuwa mmoja tu.

Dodoma ya siku hizo haikuweka siri; maneno ya karani yakamfikia Waridi. Siku ya hukumu Waridi akaja mwenyewe, hakuitwa, akasema yote: nguzo, onyo, amri. Hakumtazama baba yake. Rehani akaona aibu kwa yale aliyomtuhumu.

Bwana Shauri akanong'ona, Yahaya akatafsiri. "Anasema, watu wanadai huyu ni mchumba wako. Mchumba humsemea mchumba wake."

Waridi akamtazama Rehani. "Si mchumba wangu."

"Utaapa?" Yahaya akatafsiri tena. "Na sikiliza vizuri. Ukija kuolewa naye, ushahidi wako ni uongo, na kukiri kwake kutasimama kama kulivyokuwa."

Akaweka mkono juu ya msahafu. "Wallahi, Rehani si mtu wangu, wala hatanioa."

Maneno ya fundi yakafutwa. Abdulkadiri akalazwa kifudifudi kwenye ua wa boma, binti yake akazuiwa kuondoka. Viboko vya mwanzo mzee alikuwa akimlaani. Vya mwisho alikuwa akimwita tu, Waridi, Waridi, kama anamtuma maji. Kisha mnyororo.

Mzee alirudi baada ya kiangazi, akibebwa. Rehani naye akaja, kanzu imefuliwa, akasimama mlangoni.

"Nisamehe yale niliyokwambia. Nimekuja kukuposa, mpenzi. Kiapo kina kafara, nitafunga saumu nawe."

"Kafara itamridhisha Mungu. Mjerumani je? Siku utakayonioa utavaa mnyororo ule ule."

"Basi twende Tabora. Nani atatujua?"

"Na yeye nimwache na mgongo ule?"

"Alikuuza, Waridi. Alituuza sote wawili."

"Alinyamaza. Mimi nilisema. Sijui nani aliuza zaidi. Nakupenda, Rehani. Ondoka."

Ndani, mzee akakohoa. "Nani huyo mlangoni?"

Waridi akamtazama Rehani usoni, karibu hata angeweza kumgusa.

"Si mtu wetu, baba," akasema, akafunga mlango, akaenda kuchemsha maji ya kumkanda mgongo.