Mashine ya Maskati na Eda ya Waridi

Siku ya hitma, nyumba ya Bi Sabiha pale Area D ilifurika watu mpaka viatu vikaziba mlango. Barazani wanaume walikuwa wanamalizia dua, uani masinia ya pilau yanapokezanwa, na sebuleni, katikati ya makelele yote hayo, mashine ya kufyonza vumbi ilinguruma, ikakohoa, ikazima.

Aliyeishika alikuwa Waridi, mjane wa marehemu Amiri, mwana wa Bi Sabiha, ndani ya gauni jeupe na ushungi mweupe. Wenzake walikuwa wamemwambia atulie, asihangaike na punje za wali zuliani. Akakataa. Afadhali kufanya kazi kuliko kukaa akitazamwa.

"Mwiteni Rahimu, rafiki yake Amiri," Bi Sabiha akasema huku kifua kikimbana. Alikuwa na pumu, na vumbi la Dodoma halina huruma na wenye pumu. Ndiyo maana binti yake aliyeko Maskati alimletea mashine ile. "Yupo barazani. Si ndiye fundi umeme wa mradi wa uwanja wa ndege wa Msalato?"

Waridi akaingia chumbani kwake na kushusha pazia. Mwanamke wa eda haonekani ovyo na wanaume.

"Nani anaitumia hii?" Rahimu akauliza, amechuchumaa na kanzu yake ya rangi ya maziwa.

"Mimi," sauti ikajibu nyuma ya pazia.

"Pole sana kwa msiba, shemeji. Mfuko wake umewahi kumwagwa?"

"Kwani ina mfuko?"

Wanawake wakaangua kicheko. Rahimu akafungua kifuniko, akatoa mfuko uliojaa vumbi jekundu hadi ukakaribia kupasuka. "Haijafa, shemeji. Imeshiba."

Nyuma ya pazia Waridi akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi, na kikamtia aibu papo hapo, akajiziba mdomo kwa ushungi. Amiri alikuwa mume mwema. Waridi alimuuguza muda mrefu, na alimlilia kwa haki. Lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na Rahimu alikuwa amekisikia.

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Kwa Bi Sabiha, maana yake ilikuwa geti lifungwe na ufunguo akae nao yeye. Wala hakuwa mkwe mkali. Kila asubuhi alimpelekea Waridi chai chumbani, akamshika shavu, akamwambia, "Amiri ameniachia wewe tu, mwanangu. Eda ikiisha hutaenda popote. Utakaa hapa mpaka unizike." Angekuwa mkali, Waridi angemchukia na mambo yangekuwa rahisi. Sasa umchukieje mtu anayekuletea chai? Waridi alikuwa akitazama ukuta wa nje kupitia dirisha, akihisi nyumba inamkaba.

Mashine iliposumbua tena, Bi Sabiha mwenyewe ndiye aliyempa Waridi namba ya Rahimu. "Mpigie umweleze. Mimi mambo ya mipira siyawezi."

"Asalaam aleikum, kaka Rahimu. Inanguruma lakini haivuti."

"Waaleikum salaam, shemeji. Chomoa waya kwanza. Umechomoa?"

"Nimechomoa."

"Sasa toa mpira, uchungulie kama mwanga unapita."

Waridi akaweka jicho. "Naona giza tupu."

"Basi kuna kitu kimekwama. Chukua mpini wa ufagio, sukuma taratibu, usije ukautoboa."

Akasukuma. Kikatoka kitu cha kijivu, kimefumbatana na vumbi. Waridi akakikung'uta.

"Shemeji? Ni nini?"

"Soksi ya Amiri."

Akalia. Rahimu hakukata simu. Alingoja upande wa pili, akisikika anapumua tu, mpaka Waridi alipomaliza na kujifuta uso. Nadhani mapenzi yalianzia hapo, ingawa hakuna kati yao ambaye angekubali.

Simu zikazoeleka. Mara chujio limeziba, likung'utwe uani. Mara brashi haizunguki.

"Imenaswa na nywele," Waridi akaripoti. "Nywele zangu. Ndefu kweli, kaka Rahimu, ungeziona!"

Rahimu akakohoa. "Zikate kwa mkasi, shemeji."

"Huna maneno mengine wewe?"

"Ukimaliza, angalia kama mkanda haujalegea."

Waridi akacheka mpaka akaegemea ukuta. Siku nyingine mashine haikuwa na tatizo lolote na yeye alipiga tu, akabuni mlio.

Kisha yakatokea ya chetezo. Alasiri moja Bi Sabiha alifukiza udi, majivu yakamwagika zuliani. Waridi akayaona yamepoa, akayafyonza. Muda si muda moshi ukaanza kutoka ndani ya mashine.

"Kaka Rahimu, inawaka! Nimefyonza majivu ya udi!"

"Wewe umeungua?"

"Sijaungua, lakini..."

"Chomoa waya! Ipeleke uani, toa mfuko, umwagie mchanga. Majivu hayafyonzwi, Waridi! Ndani yake hufichika kaa la moto, hulioni!"

Alifanya vyote. Ndipo akagundua kwamba Rahimu alikuwa amemwita kwa jina lake, na kwamba alimuuliza habari zake kabla ya mashine. Akapata ujasiri asioutegemea.

"Kaka Rahimu. Mashine ikikabwa, unaisikia kwa mlio. Mtu akikabwa, nani anamsikia?"



"Naomba usinipigie tena, shemeji," Rahimu akasema. "Mashine ikisumbua, apige mama."

Simu ikakatika. Waridi akabaki uani na mkono mweusi wa masizi, amewaka uso kwa fedheha. Bila shaka Rahimu amemwona mjane asiye na haya! Tangu siku hiyo akaiacha mashine kona, akafagia kwa ufagio, na Bi Sabiha akakohoa.

Eda ikaisha. Waridi akaoga, akavua nyeupe, akavaa gauni la zambarau na ushungi wa maua, dua ikasomwa. Wageni walipoondoka, simu ikalia.

"Waridi."

"Mashine ni nzima," akajibu kwa ukavu. "Nimpe mama simu?"

"Sikupiga kwa ajili ya mashine. Siku ile uliponiuliza, jibu lilikuwa mdomoni. Ningelitamka ningekuwa nimekuposa, na mwanamke wa eda haposwi. Nilijiogopa mwenyewe."

"Si ungesema hivyo tu! Nimelia mimi, nikajua unanidharau!"

"Ningesema hivyo, posa ingekuwa imeshatoka. Nisamehe, mpenzi. Nakusikia, kama ulitaka kujua. Nilikusikia tangu pale paziani. Nije leo nizungumze na mama?"

Waridi akafumba macho. "Usije hapa. Mama atalia, nami nitamwonea huruma, nitabaki. Njoo Zuzu, kwa kaka yangu Jamaldini. Yeye ndiye walii wangu wa kuniozesha. Mimi naenda leo."

Alipogeuka, Bi Sabiha alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ufunguo wa geti.

"Nimesikia," akasema. "Ukitoka, mimi nabaki na nani?"

"Sijui, mama." Machozi yakamtiririka. "Nakupenda. Mwanao nilimpenda. Lakini nikibaki, nitaanza kukuchukia, na sitaki."

Bi Sabiha akaketi kitandani, kifua kikipanda na kushuka. Kisha akainuka, akachukua buibui lake msumarini.

"Beba sanduku. Hutoki kwangu peke yako kama mtu aliyefukuzwa. Nilikupokea kwa Jamaldini, nitakurudisha kwa Jamaldini, kwa mkono wangu."

Bajaji ilipokata kona ya kuelekea Zuzu, simu ya Waridi ikalia tena. Bi Sabiha akamnyang'anya.

"Rahimu, huyu si Waridi, ni mama yake. Njoo na wazee wako, na uje umevaa vizuri."

Akamrudishia simu, akageukia nje upande wa upepo, na Waridi akamshika mkono kwa sababu mama alikuwa analia.